Muulize Shangazi: Miezi saba Kampala na sina rafiki hata mmoja

Barua za safari hii sijui mlikaa kikao mkakubaliana, manake karibu zote zinalia kilio kimoja: nimehamia kwa watu, lugha yao siijui, nimekuwa bubu na mdomo ninao. Nimechagua nne. Yule aliyeniuliza kuhusu mume wa dada yake avumilie mpaka toleo lijalo, ile ni kesi nzito inataka nafasi yake.

Kwa wasionijua, shangazi yenu ni mtu wa Pangani, nililetwa Uganda na ndoa mwaka 1997, ndoa ikaisha mi nikabaki. Hapa wananiita Ssenga, ambaye ndiye shangazi haswa, dada wa baba, yule anayemkalisha binti chini akamwambia yasiyosemeka mbele za watu. Jina nimelipokea.

Shikamoo shangazi. Mimi ni kijana wa Kitanzania, kwetu Morogoro, nasoma hapa Kampala mwaka wa kwanza, nakaa hosteli Kansanga. Nilikuja huku najua naenda nchi jirani tu, Kiswahili kitanibeba, kumbe wapi. Darasani Kiingereza kinaenda sio mbaya, ila lekchara akishatoka tu mlangoni wote wanageukia Kiganda wanacheka, mi nabaki nashika simu najifanya nasoma meseji. Gengeni nikisema Kiswahili mama muuzaji ananiangalia kama nimekuja kumkamata. Juzi nimemwambia "nipe nyanya za elfu mbili", akamgeukia mwenzie wakaongea wakacheka, sijui walisema nini lakini nyanya mbili zilikuwa zimeoza. Miezi saba sasa, marafiki zangu wote ni Watanzania wa grupu letu la WhatsApp, kila jioni tunasonga ugali tunalalamikia matoke. Kwetu mi ndo nilikuwa muongeaji wa mtaa, huku najiona mjinga. Nifanyeje? – Mgeni wa Kansanga

Marahaba mwanangu. Hiyo ya kushika simu naijua, ila enzi zangu simu zenyewe hazikuwepo, mi nilikuwa natoa leso nafuta jasho ambalo halipo.

Hao wenzio wa darasani hawakutengi. Kiingereza kwao ni kama viatu vya ofisini, mtu akishatoka kazini anavivua, na wewe na hao wa grupu lako mkitoka darasani si mnavua vilevile? Halafu angalia vizuri hapo mnaposimama. Uganda ina lugha zaidi ya 40, sio kila anayecheka kwenye lile kundi anaelewa. Kuna mtoto wa Gulu hapo, kuna wa Arua, kuna wa Moroto, amekuja Kampala mgeni kama wewe na Luganda, hicho unachokiita Kiganda, anakibabaisha, na yule wa Arua ukimtupia Kiswahili atakudaka, manake kule juu kinaongewa hadi sokoni bila mtu kukukunjia uso. Anza na hao. Watu wengi wanakosa marafiki kwa kuwakodolea macho wenyeji tu, wageni wenzao wako pembeni wanakufa na upweke.

Sasa tuje kwa mama wa nyanya. Kiswahili masikioni mwa watu wa Kampala hakikuingia na taarabu, kiliingia na bunduki. Tangu mkoloni kilikuwa lugha ya askari wa KAR, lile jeshi la Mwingereza huku Afrika Mashariki, miaka ya 1970 chini ya Amin kikawa lugha ya vizuizi vya barabarani, halafu Aprili 1979 wakafika wanajeshi wetu wa Tanzania, Waganda wakawaita bakombozi, na hao hata kama walikuja kwa wema Kiswahili chao nacho kilining'inia kwenye mkanda mmoja na bunduki. Kwa hiyo mama wa miaka sitini na kitu wewe ukisema "nipe" yeye anasikia "toa". Kwenye makaratasi mambo yamebadilika, mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likapitisha kiwe somo la lazima shuleni. Katiba iko upande wako, muuza nyanya ndio bado.

Ila kuna kitu kwenye barua yako nadhani mwenyewe hujakiona. Umemwambia "nipe nyanya". Mtoto wa Morogoro, kwenu unaweza kumkuta mama wa umri wa mama yako gengeni ukaanza na nipe? Huwezi, ungeanza na shikamoo, habari za tangu asubuhi, watoto hawajambo, ndio nyanya zije. Huku umeacha kwa sababu unaogopa, na mtu akiogopa lugha anakimbilia kile anachokitaka, anakitupa mezani akimbie. Wote tumefanya hivyo. Lakini yeye hoja ya woga haijui, anachoona ni kijana mrefu asiyesalimia anayeongea lugha ya jeshi. Nyanya mbili zilizooza hapo umesamehewa.

Salamu yenyewe ni hii, haina ugumu. Asubuhi *wasuze otya*, umelalaje, mchana kuelekea jioni *osiibye otya*, umeshindaje. Mwanamke unamwongezea *nnyabo*, mwanaume *ssebo*, na hiyo nnyabo usiisahau, ndiyo shikamoo yako huku. Atajibu *bulungi* au *gyendi*, halafu atakurudishia, halafu mtaguna *mmm*, *eee*, mara mbili tatu hivi, usikatishe, ule mguno ndio salamu yenyewe. Mtu ukimkuta anafanya kazi, hata kama anafagia tu, unamwambia *gyebale ko*. Hii mi naipenda kuliko zote. Sisi tunasema pole na kazi, wao wanakushukuru kwa kazi, sasa we fikiria nani alianza kuchoka.

Na Luganda usikiogope, ni ndugu yetu wa damu. Omuntu ni mtu, omwana ni mwana, ennyumba, amazzi, ennyama, embuzi, hizo unahitaji kuelezwa? Okulya kula, okufa kufa, okuyimba kuimba. Saa wanahesabu kama sisi, ssaawa bbiri asubuhi ni saa mbili yako hiyohiyo. Polepole ni *mpola mpola*, na sentensi ya kwanza nakuomba uikariri ni *yogera mpola*, ongea taratibu. Watu wanakariri "sielewi" wanajikuta wamefunga mlango, ukimwambia mtu aongee taratibu umemwambia uko tayari kusikiliza. L na R zitakuchanganya, zinapokezana kutegemea irabu iliyotangulia, ndio maana kilima kimoja hapa mjini utakuta kibao kimeandika Lubaga na kibao cha pili Rubaga, na hakuna aliyepotea.

Watakucheka, hilo sikufichi. Mwezi wangu wa kwanza nilikuwa nakaa Kabalagala, nikapanda teksi toka Old Park, na teksi ya huku ndiyo daladala ya kwetu, ile nyeupe yenye mabatobato ya buluu, watu 14. Nafika kwangu napaza sauti kama niko Tanga stendi, "Shusha!" Kimya. "Shushaaa!" Konda ananitazama tu, abiria wananitazama, mama mmoja akanihamishia mtoto wake goti lingine. Tumepita Kansanga, tumepita Bunga, nimekuja kushuka mwisho wa gari Ggaba, mbele yangu Ziwa Victoria na watu wanauza samaki, jua linazama. Neno lilikuwa *mu maaso awo*, hapo mbele, maneno matatu tu. Nililia nikanunua ngege nikarudi nao. Lakini konda yule kila aliponiona baada ya siku ile alikuwa ananipigia kelele "maaso awo!" kabla sijafungua mdomo, gari zima linacheka na mi nacheka, na ndiye mtu wa kwanza Kampala kunijua. Kuchekwa kuna kwa aina mbili, kuna kunakokutoa na kuna kunakokuingiza, na aina zote mbili ukikaa hosteli huzipati.

Sasa rafiki. Jirani yangu wa pale alikuwa Nnalongo, hilo sio jina ni cheo, mama aliyezaa mapacha, na baba yao ni Ssalongo. Miezi miwili tunasalimiana basi, kila mtu mlango wake. Nilimpelekea mandazi, akashukuru, akarudisha sahani na ndizi mbivu, ikaishia hapo, tukawa kama balozi wawili. Siku moja mume wangu kaleta mkungu wa matoke na mi sijawahi kumenya matoke mabichi maishani, namenya kama embe, ganda linatoka na nusu ya ndizi, utomvu umenishika vidole vimekuwa vyeusi kama nimechukuliwa alama za polisi. Nikatoka nje na kisu nikamwonyesha mikono. Sikusema kitu, ningesema nini. Akacheka mpaka akakaa chini. Akaniletea mafuta ya kula nipake viganja kwanza, akachukua kile kisu, *akambe*, akachana ganda moja jembamba kama karatasi, akanipa cha kwangu akasema *waata*. Menya. Ndizi yangu ya tano akaitikia mmm. Kesho yake akaniita mwenyewe nikajifunze kufunga kwenye *endagala*, majani ya mgomba, na kukanda matoke yakiwa bado ya moto ndani ya majani mpaka viganja viungue. Tulifanya hivyo majuma matatu, kila siku naondoka na maneno mawili matatu, na ndio nikaanza kuitwa *mukwano*, rafiki.

Umeona mandazi yalivyoshindwa? Nilikuwa natoa zawadi kama tajiri, nae analipa, tunabaki sawasawa. Nilipoenda na mikono michafu nikihitaji mtu ndio akapata pa kuingilia. Wewe mgeni unajitahidi usimsumbue mtu, unajipikia mwenyewe, unatafuta njia mwenyewe kwenye ramani ya simu, halafu unashangaa hakuna anayekuhitaji. Mpe mtu kazi ya kukufundisha.

Kwa mwanaume mambo ni rahisi zaidi. Nenda stejini hapo chini ya hosteli wanapokaa vijana wa bodaboda, utakuta ludo au omweso. Omweso ni binamu wa bao letu, safu nne, mashimo 32, kete 64, ila sheria zake ni nyingine, kwa hiyo utafungwa, na mtu anayefungwa huku anauliza "hii vipi" hakuna anayemfukuza. Jumapili tafuta kibanda kinachoonyesha mpira, kaa benchi lilelile kila wiki. Siku za sinema humohumo kuna VJ, yule jamaa anayetafsiri filamu ya Kiingereza kwa Luganda na kuongeza chumvi zake, Kiingereza utakisikia kwa chini na Luganda kwa juu, mwalimu gani wa bei hiyo? Na chapati yenye mayai, rolex, nunua kwa mtu mmoja tu. Rafiki wa mjini anatokana na kuonekana palepale.

Grupu la Watanzania usitoke, siku ukiugua ndio watakaokuletea uji. Ila ugali wa kila jioni mpunguze. Mnapokaa watu kumi mnalalamikia matoke hakuna anayeyajua matoke.

Shangazi, siku hizi si kuna programu za kutafsiri kwenye simu, kuna haja gani ya kujisumbua? – Msomaji, Entebbe

Luganda kweli kimo kwenye Google tangu 2022, na mi naitumia, kusoma karatasi ya dawa au meseji ya mwenye nyumba inayotisha. Lakini jaribu kutongoza nayo uone. Unaandika, unasubiri, unamgeuzia mtu kioo, anasoma, anaandika, anakugeuzia, mkimaliza utani mmoja chai imepoa na bando limekata. Na salamu inazitafsiri kama maneno, ule mguno wa mmm haina. Itumie pale ambapo kosa lina hatari, kwengine kosea kwa mdomo wako.

Habari yako shangazi. Mimi ni Mnubi wa Bombo, niko Ujerumani mwaka wa pili nasomea kazi ya kuhudumia wazee, ile Ausbildung. Kijerumani nilisoma Kampala mpaka B1, ile ngazi ya kati, nikafaulu, nikajua nimemaliza, kufika hapa wazee wanaongea kitu kingine kabisa. Wenzangu kazini ni wema, kazi wananielekeza, ila ikifika mapumziko wanaongea haraka mpaka nachoka kusikiliza, na zamu ikiisha kila mtu kwake. Jirani anasema Hallo anafunga mlango. Kwetu mtu akihamia jioni hiyohiyo ana sahani tatu mlangoni. Mwaka mzima sijaingia nyumba ya mtu yeyote. Hawanipendi au? – Mtoto wa Bombo

Sio hawakupendi mwanangu, hawajaandikiana na wewe tarehe. Mdogo wangu alikaa Hamburg miaka sita, kilio chake mwaka wa kwanza kilikuwa hikihiki chako, simu kila usiku. Kule mtu hapiti tu. Ukimwambia "siku moja tuonane" ameshaelewa kwamba hamtaonana, ila ukimwambia "Jumamosi ya tarehe 14 saa tisa alasiri kahawa" anatoa kalenda na anakuja, na saa tisa ni saa tisa. Kwetu kuandikiana hivyo ni ubaridi, kwao ni heshima, amekutengea nafasi. Na usisubiri wao waanze.

B1 ya kitabuni hiyo ni ruhusa ya kuanza tu. Wazee wa mikoani wanaongea lahaja zao, hata Mjerumani wa mji mwingine anatega sikio, kwa hiyo usijipige. Der, die, das, hizo ngeli zao, nazo zisikutoe roho, mtu uliyekua na ki-vi na u-zi na li-ya unatishwa na tatu?

Halafu una bahati ambayo mdogo wangu hakuwa nayo, yeye alifanya kazi ghala, anaongea na maboksi. Wewe una jengo zima la wazee wenye muda na wenye hamu ya kuongea, ambao wengi wao hawatembelewi vya kutosha. Chagua mmoja mwenye akili zake na mdomo mkali, mara nyingi ni bibi aliyewahi kuwa mwalimu, mwambie kila nikikosea nisahihishe. Atakuvaa. Mwongeleshe unapomfunga vifungo, unapompa supu, mrudie neno analolisema yeye. Miezi mitatu utakuwa na lahaja ya pale, na wenzio wa kazini watakusikia unaongea kama bibi wa miaka 85 na hapo mapumziko yataanza kukuhusu, niamini. Ila mzee anayekuita "du", wewe ya watu waliozoeana, wewe endelea na "Sie", ile ya heshima, mpaka mwenyewe akuruhusu, ile ndiyo shikamoo yao.

Siku yako ya kuzaliwa leta keki kazini. Kule mwenye siku ndiye anayeleta, ukikaa kusubiri uimbiwe utazeeka. Na ya mwenzio usimpongeze siku moja kabla, wanaona ni mkosi.

Nje ya kazi tafuta Verein. Ndivyo wanavyofanya urafiki, kwa chama, watu saba wanatosha kusajili kimoja, kwa hiyo vipo vya mpira, vya kwaya, vya zimamoto wa kujitolea, hadi vya kufuga sungura, sikutanii. Mdogo wangu aliingia cha kwaya na sauti yenyewe hana. Alikuwa anakosea maneno ya nyimbo kila Jumatano, mzee mmoja anayesimama naye safu moja akawa anamwandikia matamshi kwa penseli pembeni ya karatasi, na nyumba ya kwanza ya Kijerumani aliyoingia ilikuwa ya mzee huyo, mwezi wa kumi na nne tangu afike. Miezi kumi na nne, nimehesabu kwa sababu alinipigia simu akiwa chooni kwao kunong'ona kwamba yuko ndani ya nyumba ya mtu.

Bonjour shangazi. Mimi ni mama wa Kikongo, tulitoka Bukavu tukapita kambi ya wakimbizi ya Nakivale, sasa tuko Mbarara mjini, nauzisha vitenge. Niko na batoto bane. Bote banajua Kinyankole kama bazaliwa wa hapa, miye njo ninabaki nyuma. Nikienda hospitali ni binti yangu wa miaka kumi na moja anaambia daktari magonjwa yangu, na mengine ni mambo ya wanawake, ninasikia haya kwake. Sina rafiki, mama wa duka ya maziwa tu njo ananichekea. Nifanye je? – Mama wa Vitenge

Bonjour dada, barua yako nimeiacha ilivyo, Kiswahili cha Bukavu kina utamu wake na sitaki mtu aninyooshee.

La hospitali tulimalize leo. Mtoto asitafsiri tena tumbo la mama yake. Akutafsirie bei ya umeme, akutafsirie mwenye nyumba, sawa, hiyo itamkomaza, lakini miaka kumi na moja hawezi kubeba maneno ya damu na kizazi, mengine atayakosea kwa aibu na daktari atakupa dawa ya aibu ile. Ukifika mapokezi uliza kwa Kiswahili hichohicho kama kuna nesi anayekijua, Mbarara ni njia ya malori na ya wakimbizi, sitashangaa akipatikana. Akikosekana, mtaani kwenu kuna wale wahudumu wa afya wa kijiji, VHT, muombe mwanamke mmoja akusindikize, au mama wa kanisani kwenu aliyetangulia kufika. Kabla ya kwenda kaa na huyo mama mwambie kila kitu nyumbani, tangu lini, wapi, mara ngapi, msije mkaanza kutafutana maneno mbele ya daktari na foleni iko nyuma. Na binti umweleze kwa nini umemwachisha, asije akafikiri alikosea.

Kinyankole chenyewe una nusu yake tayari. Hesabu: emwe, ibiri, ishatu, ina, itaano. Tisa wanasema *mwenda*, na bibi zetu walisema kenda. Wewe unauza vitenge, kila mteja akija mhesabie mita kwa mdomo wako, ukikwama nyamaza umtazame, atakumalizia mwenyewe, wateja hawawezi kuvumilia hesabu iliyokatika. Ndani ya mwezi bei zote utakuwa nazo, na bei ndizo zinazomlisha mtu.

Huyo mama wa maziwa usimwache akabaki wa kuchekea. Uko nchi ya ng'ombe, mwombe akuonyeshe wanavyotengeneza eshabwe, ile mboga nyeupe ya samli, nenda na bakuli lako na mikono yako. Sombe utampikia baadaye, sio kwanza. Kesho asubuhi ukifika mwambie *oraire ota nyabo*. Atashtuka. Atakujibu *ndaire gye*, halafu atakugeuzia swali, hapo najua utataka kuchukua maziwa ukimbie, usikimbie, jibu ndaire gye na wewe, tua kopo chini, manake baada ya hapo atauliza watoto, na watoto unao wanne.